Mkeka wa Bi Faida

Rajab ana ulimi wa kwao. Mtu wa Malindi akikusifia chai yake, unajikuta umeomba kikombe cha pili kabla hujaonja cha kwanza. Mimi natoka Limuru, ambako mtu husema neno likihitajika, na miaka yote tuliyofanya kazi hospitali moja hapa London, mimi mkunga, yeye msukuma vitanda vya wagonjwa, nilikuwa nikimcheka na kumwonea wivu kwa pamoja. Bibi kizee wa Kiingereza anayepelekwa kupasuliwa alikuwa akitoka kwenye lifti anatabasamu, kwa sababu Rajab alimwanzia hadithi tangu wodini na sasa anataka kujua iliishaje.

Nyingi ya hadithi hizo zilimhusu Bi Faida. Rajab alipozaliwa, mamake aliugua na maziwa yakakatika. Bi Faida, aliyekuwa akiishi kwa nyanya yake Rajab, akamchukua akamnyonyesha pamoja na binti yake mwenyewe, Zafarani. Huku Zafarani, huku Rajab. Ndivyo alivyopenda kusimulia, na mikono anaiweka kifuani kuonyesha. "Na kwetu, dada Njeri," ataniambia kana kwamba sijamsikia mara mia, "aliyekunyonyesha ni mama. Wanawe ni ndugu zako. Huwezi hata kumuoa binti yake, dini imekataza." Kisha yatafuata mahamri ya Bi Faida, nyimbo za Bi Faida, na jinsi Bi Faida alivyombeba mgongoni kumvusha mtaa uliojaa maji ya mvua. Nilipomwuliza Bi Faida alikuwa nani kwao, shangazi au binamu, alisema alikuwa mtu wa nyumbani, nami nikaridhika. Nani kati yetu hana mtu wa nyumbani.

Hadithi hizo ndizo zilizompatia mke. Jennifer alizaliwa Croydon, na wazazi wake walitoka kisiwa kimoja cha Karibi ambacho babake, mzee Harrison, hukiita Nyumbani tu, nasi sote tukaiga. Mzee alikuwa dereva wa basi hadi alipostaafu, mjane, mtu wa kofia na tai hata akienda kununua maziwa. Mwanzoni hakumtaka Rajab na wala hakuficha: dini nyingine, kazi ndogo, maneno matamu kupita kiasi. Kilichomlainisha ni Bi Faida. Alisema mtu anayemkumbuka hivyo mwanamke asiyemzaa hawezi kuwa na moyo mbaya. Na Jennifer aliposhika mimba, baada ya miaka ya kukata tamaa, walikubaliana wote watatu kwamba mtoto akiwa wa kike ataitwa Faida.

Mwaka huo, 2002, mzee alikuwa anatimiza miaka sabini, akatangaza kwamba Pasaka tunakwenda Nyumbani. Jennifer alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mimi, kwa kuwa ni mkunga na rafiki yake, nikajikuta nami nimo safarini. Sikubisha sana.

Huko Nyumbani mzee alitaka kutuonyesha mahali pamoja tu: jumba la shamba la miwa. Nyanya yake alikata miwa ya shamba lile hadi mgongo ukapinda, na waliomtangulia walikuwa watumwa pale pale. Mzee mwenyewe alipokuwa mtoto alitumwa kupeleka mayai, akipita nyuma, mlango wa jikoni. Mbele kulikuwa na ngazi pana za mawe ambazo hakuwahi kuzikanyaga. Sasa jumba limekuwa makumbusho, unalipa kiingilio na kupanda. Mzee alitaka kuzipanda ngazi hizo na mjukuu wake, hata kama mjukuu bado yumo tumboni.

Alivaa suti nyeusi katika jua lile. Akamshika Jennifer mkono mmoja, Rajab akashika wa pili, wakapanda taratibu, mimi nyuma yao nimebeba chupa ya maji. Juu kabisa mzee akageuka, akalitazama shamba lililokuwa chini yetu, akavua kofia, akaivaa tena. Nilijifanya nafunga kamba za viatu ili asione kwamba nimemwona.

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya mbao zilizopakwa nta. Macho yangu yalikuwa yanatafuta jikoni, maana nyanya yangu mimi alifua nguo katika nyumba ya Mzungu wa chai, na ukoo wetu haujui kuingia nyumba za namna hiyo bila kutafuta karai. Binti aliyekuwa akituongoza, msichana wa kisiwa kile kile, alitupitisha sebuleni, akatupitisha chumba cha kulia, mwisho tukaingia chumba alicholala bibi mwenye nyumba. Kitanda cha nguzo nne, chandarua cheupe. Na sakafuni, miguuni pa kitanda, walikuwa wameweka kigodoro chembamba cha majani, hakina shuka wala mto. Binti akaeleza kwamba hapo ndipo alipolala msichana mtumwa, ili bibi akitaka maji au akitaka kukandwa miguu asipate taabu ya kupaza sauti.

Hakuna aliyesema kitu. Mzee alikuwa anakitazama kile kigodoro. Na Rajab, ambaye kimya kwake ni kama kijiwe ndani ya kiatu, akakiondoa kimya hicho.

Alisema, uso umechangamka, kwamba hata kwao ilikuwa hivyo hivyo. Bi Faida alilala pale pale, miguuni pa kitanda cha nyanya, juu ya mkeka. Nyanya hakuwa na haja ya kuita. Aligonga tu ubavu wa kitanda kwa bangili yake, na Bi Faida ameshaamka. Walipendana mno, alisema.

Naapa hakuona. Aliyasema hayo kwa sauti ile ile ya mahamri na maji ya mvua, na alidhani anampa mkwewe kitu cha kumfariji.

Mzee Harrison hakupandisha sauti. Aliuliza kama huyo ndiye yule aliyemnyonyesha. Rajab akasema ndiye. Mzee akauliza, na yule mtoto wake, aliyekuwa ziwa la pili, alilala wapi?

"Jikoni," Rajab akasema. "Na mpishi."

"Alikuwa na uhuru wa kuondoka?"

"Angekwenda wapi, Dad? Alikuwa wetu."

Nilimwona alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Tabasamu lilibaki usoni kidogo bila kazi, kisha likaondoka. Akakitazama kigodoro, akaitazama mikono yake. Watalii wawili waliokuwa nasi wakaanza kuchunguza dari kana kwamba kuna jambo limeandikwa huko. Jennifer alikuwa amemshika mkono, akauachia, si kwa hasira, bali kama mtu aliyekumbuka kwamba anahitaji mkono wake mwenyewe.

"Nimengoja maisha yangu yote kuingia kwa mlango ule wa mbele," mzee akasema. "Kumbe nimeingia na mwenye nyumba."

Akatoka. Tulimwona kupitia dirishani akiteremka zile ngazi peke yake, kofia mkononi.

Rajab alinikuta nje, kwenye benchi karibu na choo cha wageni, na mara hii sikumtania. Aliniambia yaliyobaki bila mimi kuuliza. Babu wa babu yake alikuwa na mashamba ya mtama nje ya Malindi, na waliolima walinunuliwa. Mama yake Faida aliletwa mtoto mdogo, hata hajui kwao ni wapi. Serikali ilipofuta utumwa wengi waliondoka, lakini wengine wakabaki pale pale uani, wakazaa, na watoto wao wakaitwa wazalia. Wakati wa Rajab neno mtumwa halikutamkwa tena. Walisema watu wetu. Kukiwa na harusi watu wetu walikuja bila kualikwa, wakatwanga, wakateka maji, wakala wageni walipokwisha kula. Hakuna aliyewapiga, Rajab akasema, kisha akanyamaza, nadhani kwa sababu alisikia jinsi sifa hiyo ilivyo ndogo.

Nyanya yake alipofariki, Rajab alipanda ndege akaenda kuzika. Bi Faida alipofariki, miaka miwili baadaye, dadake alimtajia kwenye simu, katikati ya habari za paa linalovuja. Alimwombea rehema, wakarudi kwenye paa. Sisi alituambia alishindwa kwenda kwa kuwa karatasi zake zilikuwa zimekwama ofisi ya uhamiaji kule Croydon. Karatasi alikuwa nazo zamani.

"Lakini si nilimpenda, dada Njeri?"

"Ulimpenda," nikamwambia. "Hata Zafarani alimpenda. Yeye akalala jikoni."

Sikujutia kumwambia hivyo, na sijutii sasa. Alikuwa anataka nimwoshe, na mimi kazi hiyo naifanya kwa watoto wachanga tu.

Tuliporudi London Jennifer hakumgombeza. Alimwambia neno moja: jina la Faida halitatumika mpaka liombwe kwa mwenyewe, na mwenyewe ni Zafarani. Ampigie simu, amwombe ndugu yake. Rajab akakubali, halafu akaanza kuahirisha. Alinunua kadi za simu kwenye duka la karibu na stesheni ya Rayners Lane, zikaisha muda zikiwa mfukoni. Aliniambia anaona haya. Si haya ya kukosea jambo, alisema, hayo angeyaweza. Ni kwamba kila kitu kizuri alichokuwa nacho cha utotoni akikishika sasa anakuta chini yake kuna mkeka.

Kazini hadithi zilikoma. Wagonjwa wakaanza kutoka kwenye lifti kimya kama wagonjwa wengine. Mzee Harrison naye hakukanyaga nyumba yao ya Queensbury majira yote ya joto. Jennifer, na tumbo lake, ndiye aliyekuwa akipanda treni na tramu kwenda kumwona. Rajab alimsindikiza hadi mlangoni, mara moja tu. Mzee alimsalimu vizuri sana, kwa adabu anayopewa mgeni, na Rajab alirudi amevunjika kuliko kama angetukanwa.

Agosti mtoto akazaliwa, wa kike. Mimi ndiye niliyempokea. Kwa desturi ya kina Rajab, siku ya saba mtoto hunyolewa nywele na kupewa jina, na mbuzi huchinjwa. Mbuzi aliletwa na mwenye bucha, kiwembe kilikuwepo, jina halikuwepo. Jennifer hakulegeza. Siku hiyo mchana kengele ya mlango ikalia na mzee akaingia, kofia na tai. Hakukaa kwenye sofa. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akasema amekuja kusikia mjukuu wake anaitwa nani.

Rajab alichukua simu. Dadake alimpa namba ya mtoto wa Zafarani, aliyekuwa amenunua simu ya mkononi. Akabonyeza sauti itoke wazi tusikie sote. Nadhani alijiogopa mwenyewe, asije akazungumza jambo moja akatueleza jingine.

"Zafarani? Ni mimi, Rajab. Wa London."

"Mwinyi Rajab!" Ilikuwa sauti kubwa, ya mtu anayedhani Ulaya ni mbali na lazima apaze. "Shikamoo, mwinyi."

"Marahaba," Rajab akasema.

Lilimtoka lenyewe. Zafarani alimtangulia kuzaliwa, walinyonya pamoja, na bado tangu wakiwa watoto yeye ndiye aliyesalimia na Rajab ndiye aliyeitikia. Miezi minne alikuwa akijiandaa kwa simu hiyo, na neno la kwanza alilomjibu likawa hilo. Jennifer na babake hawakujua limetokea nini. Tulijua wawili tu, na Rajab hakuweza kunitazama.

Akaendelea, atafanyaje. Akasema anapiga kwa ajili ya Bi Faida.

"Bi nani?"

"Bi Faida. Mamako."

"Aa. Mama." Zafarani akacheka kidogo, kwa wema. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kumwita Bi. Cheo hicho alikipata London, akiwa ameshakufa.

Rajab akamwambia amepata binti na anaomba ruhusa ampe jina la mama.

"Mwinyi wanitaka ruhusa mimi?" Zafarani akasema. "Mama alikuwa wenu. Na hilo jina ni lenu pia, nyanyako nd'o aliyempa siku aliyozaliwa. Chukueni tu."

"Mamake hakumpa jina?"

"Alimpa. Alimwita kwa siri, wakiwa wawili."

"Jina gani, Zafarani?"

"Hilo limebaki kwetu, mwinyi," alisema, kwa upole ule ule.

Rajab akamwuliza Faida alizikwa wapi. Akajibiwa kwamba nje ya ukuta wa makaburi, upande wa watu wetu, chini ya mkwaju. Si ndani kwenu, Zafarani akaongeza, kana kwamba Rajab angehofia.

Mzee Harrison akauliza mama huyo anasema nini. Rajab akanigeukia, na nilijua anachoomba. Mimi naijua lugha, ningeweza kuyasema yale maneno yakapita laini. Nikaangalia mtoto. Basi akayasema mwenyewe, kwa Kiingereza, yote, bila utamu wala chumvi: kwamba Zafarani amemsalimu kama mtumishi anavyomsalimu bwana, na yeye amepokea, kwamba mama alikuwa wao, kwamba jina la Faida lilitoka kwa mwenye kitanda, kwamba jina lenyewe lipo na yeye hakupewa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mzee alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti.

Kisha Rajab akaisogelea simu. "Zafarani," akasema. "Dada yangu. Shikamoo."

Tulingoja. Ndani ya simu kulikuwa na kuku na redio ya mtu.

"Mwinyi nawe," Zafarani akasema, na sauti ilikuwa imeingia wasiwasi. "Usinifanyie mzaha. Haya, msalimie mkeo. Mungu amkuze mtoto." Akakata.

Mtoto hakuitwa Faida. Kiwembe kilikaa mezani hadi mzee alipojikohoza pale karibu na mlango akasema nyanya yake, yule aliyekata miwa, aliitwa Marion. Jennifer akamtazama Rajab. Rajab akaitikia kwa kichwa. Rajab alipomaliza kumnyoa mtoto, mzee aliinuka akahamia kwenye sofa, mbali naye kidogo, akaomba chai. Hawajawahi kurudi walivyokuwa kabla ya safari ile, na sidhani kama inafaa warudi. Lakini huja.

Rajab hupiga simu Malindi kila Ijumaa. Alikwenda, alisimama chini ya mkwaju ule, alimkuta Zafarani akitwanga harusini kwa dadake na akashindwa kumtoa, kwa maana Zafarani alikataa kukaa na wageni. Kwenye simu hujaribu kumwahi na shikamoo kabla hajasalimiwa. Zafarani hucheka, humwambia mwinyi bado una maskhara, kisha humwuliza habari za baridi. Haitikii. Hajaitikia hata mara moja.

Marion sasa ana miaka mitano. Kiswahili anakisikia chote na kujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku. Ijumaa iliyopita nilikuwa jikoni kwao namenya viazi, Rajab anaosha vikombe, simu iko wazi juu ya meza, na mtoto akaivuta kwake kabla hajazuiwa.

"Shikamoo, shangazi," akasema, moja kwa moja, kama alivyofundishwa.

Marion akangoja, kisha akaigeuza simu kuangalia kama imezima. Rajab alikuwa amesimama na kikombe mkononi, maji yanachuruzika.

"Marahaba," Zafarani akasema. "Marahaba, mwanangu."

Marion akaanza kumweleza kwa Kiingereza habari za jino lake linalotikisika. Rajab akarudi kwenye vikombe. Aliviosha vyote, kisha akaviosha tena, akiwa ametupa mgongo, na mimi nikaendelea na viazi.